Rangi ya mpira ya sitaha imebanduka baada ya miezi minne: nibandue yote au nipige juu yake?

Nahodha_Nusu

Habari zenu wanabahari. Naombeni msaada kabla sijaharibu mara ya pili.

Nina boti ya faiba ya mita sita na nusu, niliipata ikiwa imeshatumika. Sitaha yake ina zile nakshi ndogondogo za umbo la almasi za kuzuia utelezi zilizotoka kiwandani, lakini njia ya kwenda omo, yaani mbele ya boti, zilikuwa zimelika mpaka pamekuwa laini kama sahani. Siku niliyoteleza na nanga mkononi nikakalia makalio, nikaamua kupaka ile rangi nzito ya mpira, yenye chenga ndani yake.

Nilichofanya nakisema chote, msinihurumie. Niliosha sitaha kwa sabuni na brashi, nikasuuza, nikaiacha ikauke siku nzima. Nikapiga msasa namba 120 kwa mkono, "ikwaruze kidogo tu" kama nilivyoambiwa. Kisha nikafuta kwa thina. Nikazungushia tepu ya karatasi. Rangi ilikuwa nzito inang'ang'ania rola, nikaiongezea thina ile ile ili ilainike. Nikapiga mkono mmoja mnene badala ya miwili, maana nilitaka nimalize siku hiyo hiyo. Nilianza saa tano asubuhi, nikamaliza saa nane, jua kali, sitaha ukiikanyaga pekupeku unaruka. Tepu nilikuja kuitoa kesho yake, ikatoka na vipande vya rangi.

Miezi miwili ya kwanza raha tupu. Wa tatu, kona moja karibu na chuma cha kufungia kamba ikainua mdomo. Kidole changu kikafanya kile ambacho vidole hufanya. Likatoka pande zima la ukubwa wa sinia, kama ngozi ya nyoka. Sasa ni mwezi wa nne. Robo ya sitaha iko wazi, na upande wa kushoto, jirani na kifuniko cha ngama (tumbo la chini la boti), pana malengelenge ambayo ukiyakanyaga yanabonyea.

Iliyobaki imeshika kwelikweli, nimejaribu kuivuta kwa koleo haitoki. Naweza kukwaruza kingo, nikajaza palipo wazi, nikapiga mkono mpya juu ya yote? Au nianze upya? Na kosa ni la rangi au langu? Aliyeniuzia kashasema ni langu, hata picha hakuomba.

MzeeTezi

Kijana, hizo rangi za mpira zinauza jina. Chukua rangi nzuri ya boti, piga mkono wa kwanza, ungali mbichi umwagie mchanga safi mkavu kama unawarushia kuku mtama. Ukikauka fagia uliozidi, piga mkono wa pili kuufungia. Ukichakaa unasugua, unarudia. Mpira ukichakaa unakuachia kazi ya patasi. Nimeushika huo mpira kwenye boti tatu za watu, na zote tatu nilikuja kuzibandua kwa magoti yangu haya haya.

Bi_Omo

Shikamoo mzee. Mchanga siukatai, nimeupaka miaka mingi kabla ya mpira. Ila chembe ya mchanga ikichomoka inaacha tundu kwenye rangi na maji yanaingia hapo, na mtu akianguka kwenye mchanga anaacha ngozi ya goti. Mpira unanyumbulika, mguu unaupenda, na chombo kizito kikidondoka sauti inakufa. Lakini kwenye kuubandua uko sahihi, hakuna kazi mbaya kama hiyo. Ndiyo maana mimi huwa sipendi kuubandua kabla sijajua ulitoka kwa nini.

Nahodha, lile pande lililotoka bado unalo? Usiniambie ulilitupa. Ligeuze, uangalie mgongo wake. Watu wote hutazama upande wa juu, ambao hauna habari yoyote. Ni rangi tu. Maneno yote yameandikwa mgongoni.

Mgongo ukiwa unang'aa, na almasi zako zimejichora pale kali na safi kama muhuri kwenye nta, basi mpira haukuwahi kushika. Ulikuwa umelala juu ya sitaha kama shuka juu ya godoro. Hapo kuna nta, polishi, silikoni, au msasa haukufika.

Ukipitisha kidole kikatoka na unga mweupe kama chaki, basi uso wa faiba yako ulikuwa umeungua kwa jua miaka mingi na umekuwa vumbi. Mpira umeshika vizuri sana, umeshika vumbi, na vumbi ndilo lililoachia.

Ukiwa unanata, au una harufu ya thina mpaka leo, ulipaka mnene: ngozi ya juu ilifunga, chini kukabaki kubichi.

Na ukiwa na maji, rangi ya chai, harufu ya gome lililooza, hapo acha habari ya rangi kabisa. Hilo ni jambo la sitaha yenyewe.

Tafuta mapande kutoka sehemu mbili tofauti, maana sitaha moja inaweza kuwa na magonjwa mawili. Ukishaangalia rudi hapa.

Nahodha_Nusu

Dada, nimecheka halafu nimeacha kucheka.

Lile pande la kwanza nililihifadhi, lilikuwa nyuma ya ndoo. Nimeligeuza. Almasi zimo zote, unaweza kuzihesabu, na panang'aa mpaka nikiliinamisha naona mwanga wa dirisha ukitembea juu yake. Hakuna hata chembe ya unga. Hilo ni la pembeni, karibu na chuma cha kamba.

Kisha nikaenda kwenye malengelenge, nikapasua moja kwa kisu. Yametoka maji ya kahawia, kijiko kimoja hivi. Yananuka. Mgongo wa pande lile ni mweusi, una utelezi. Na nimegundua kitu: bolti za bawaba za kifuniko ziko umbali wa kiganja tu kutoka hapo, na moja inazunguka bure, haikazi.

Sasa niambie kwa nini katikati, njia ya omo, haitoki hata kwa koleo, ilhali nilipaka kwa mkono ule ule, siku ile ile?

Bi_Omo

Kwa sababu katikati ndipo palipokuwa pamechakaa. Miguu ya watu iliisugua njia hiyo miaka yote, ikala nta, ikala mng'ao, ikala almasi. Wewe uliidhania ni sehemu mbovu, kumbe ndiyo iliyokuwa tayari kupakwa. Pembeni hapakanyagwi, kwa hiyo polishi ya mwenye boti wa zamani iko pale pale, imejificha mabondeni mwa almasi ambako msasa wako haukufika. Karatasi ya msasa inapita juu ya vilele, bondeni haishuki.

Halafu angalia mpangilio wako. Ulipiga msasa kwanza, ukafuta kwa thina baadaye. Nta iliyokuwa juu uliisukumia ndani ya mikwaruzo, kisha thina ikaitandaza. Unatoa nta kwanza, ndipo unakwaruza. Watu waliokoseshwa na jambo hili moja ni wengi kuliko waliokoseshwa na rangi mbaya.

Kwa hiyo una kazi mbili, na ya maji machafu inatangulia. Boti nyingi za faiba, sitaha yake ni kama mkate wenye kitu katikati: faiba juu, faiba chini, katikati mbao, ama plaiwudi ama balsa, ule mti mwepesi sana. Maji yameingia kwenye tundu la ile bolti inayozunguka, yakalowesha mbao za kati, zikaoza. Jua likipiga, unyevu unataka kutoka, unakuta umeufunika kwa mpira. Ndiyo malengelenge yako. Rangi haikuleta ugonjwa huo, imekuonyesha tu.

Chukua mpini wa bisibisi, gongagonga sitaha kuanzia mbali, kila urefu wa kidole. Pazima pataitika "ko, ko". Palipooza pataitika "bu", kama unagonga begi la nguo. Chora mpaka kwa chaki. Nakuonya, mpaka huwa mkubwa kuliko unavyodhani, lakini mara nyingi si mkubwa kama unavyoogopa.

Kama ni pale kwenye matundu tu, pembeni mwa bolti, panua tundu kwa drili, kwangua uozo mpaka ufike kwenye mbao kavu, acha pakauke kabisa, ziba kwa epoksi (ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) iliyokorezwa iwe kama siagi ya karanga, ikishakaza toboa upya katikati yake. Bolti ikae ndani ya epoksi, isiguse mbao tena maisha yake yote. Kama ni eneo zima, unakata faiba ya juu, unaondoa uozo, unaweka plaiwudi mpya iliyolowekwa epoksi, unarudisha faiba. Si kazi ya kutisha, ni ya taratibu. Usiwahi kuharakisha kukausha. Funika plastiki juu ya pale usiku, bandika kingo zake kwa tepu, asubuhi ukikuta jasho chini yake, bado.

Na epoksi ikishakaza, kabla ya msasa, ioshe kwa maji na kisuguo cha nailoni. Baadhi hutoa utando wa mafuta mafuta juu, na utando huo huyeyuka kwa maji zaidi kuliko kwa thina. Ukiupiga msasa bila kuosha umejirudishia tatizo la nta kwa mlango mwingine.

Rangi naiandikia baadaye, nina mtu ananisubiri.

kasia2

Naingilia kidogo jamani. Boti yangu ni alumini, sitaha tupu, haina faiba. Na mimi nataka mpira. Haya yote yananihusu?

Bi_Omo

Kaka kasia, alumini haina nta ya kiwandani lakini ina ngozi yake. Ukiisugua ikang'aa, hewa inaanza kuijengea ngozi mpya pale pale. Kwa hiyo osha mafuta, sugua, na praima, yaani rangi ya msingi, iingie siku hiyo hiyo, saa chache tu baadaye, si wiki ijayo. Tumia praima ya epoksi iliyoandikwa kuwa ni ya alumini. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida usiisogeze: inaacha vipande vya chuma vilivyozama kwenye alumini, na chumvi itakula kuzunguka kila kimoja. Kisuguo cha nailoni kinatosha.

pumzi_fupi

Kabla Bi_Omo hajafika kwenye rangi, naomba nafasi.

Mimi nilipaka mpira wa aina inayokauka kwa unyevu wa hewa, ile yenye kemikali iitwayo isosianati, ndani ya chumba cha chini cha boti, nimevaa barakoa ya karatasi. Ile ya vumbi. Nilimaliza kazi vizuri. Usiku kifua kikabana kama nimefungwa kamba. Nikapona. Mara ya pili, miezi baadaye, nilikuwa nimesimama tu mlangoni mtu mwingine akipaka, na kifua kikabana ndani ya dakika chache. Daktari alinieleza kwamba mwili ukishaikataa dawa hiyo, hata kiasi kidogo sana kinaamsha pumu. Sasa kazi hiyo siwezi kuifanya tena, hata kusogea.

Barakoa ya karatasi haizuii mvuke. Inayotakiwa ni ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, vipya, na upepo upite. Glavu, mikono mirefu. Na mnaobandua rangi hiyo kwa moto wa kupulizia, acheni. Ikichomwa inatoa moshi mbaya zaidi kuliko ilipokuwa mbichi. Nimemaliza.

MzeeTezi

Pole sana, mwanangu. Hilo la kuchoma nililifanya kwenye boti ya pili. Sikujua.

Bi_Omo

Pole pumzi_fupi, na asante. Umenifupishia sehemu ambayo watu huwa wanairuka.

Nahodha, turudi. Uliuliza kama ubandue yote au upige juu. Jibu langu ni kwamba usiamue wewe, iamue sitaha. Kila nusu mita, pale ambapo mpira bado umeshika, kata alama ya X kwa wembe mpaka ufike kwenye faiba. Bandika juu yake tepu yenye gundi kali, ikandamize kwa kucha, kisha ing'oe kwa nguvu mara moja. Kona za X zikitulia, mpira huo ni mzima na unaweza kubaki kuwa msingi. Zikiinuka, utoe mpaka ufike panapogoma.

Kutoa: skrepa kali, na uinoe kila mara. Usitumie dawa ya kulainisha rangi kwenye faiba, zile kali zinakula na faiba yenyewe. Mashine ya msasa nayo itakuudhi, mpira unapata joto unayeyuka unajaza karatasi. Ukilazimika tumia msasa mkubwa, namba 40, na mwendo wa pole. Kwenye kingo za mpira uliobaki, shusha ngazi iwe mteremko. Hata hivyo mstari wa kale na mpya utauona kidogo. Kama hilo litakunyima usingizi, toa yote.

Sasa mlolongo. Ng'oa kila chuma kinachong'oka. Kupaka kukizunguka chuma ni kujitengenezea kona, na kona ndiyo inayoinua mdomo kwanza. Silikoni ya zamani iliyozunguka vyuma ikatwe na kukwanguliwa yote kabla hujashika msasa, maana ukiisugua inasambaa, na rangi ikija juu yake inajivuta pembeni na kuacha vijishimo vya mviringo.

Osha kwa sabuni ya vyombo. Kisha toa nta kwa dawa ambayo kopo la rangi yako limeitaja, kwa matambara mawili: moja limelowa, linafuta, la pili kavu, linafuata nyuma yake papo hapo kabla dawa haijaruka. Dawa ikirukia pale pale umeihamisha nta hatua tatu tu. Futa kuelekea upande mmoja, geuza tambara, likichafuka litupe. Utatumia matambara mengi mpaka uone aibu. Ndivyo inavyotakiwa.

Halafu mwagia maji safi kikombe kimoja, uchuchumae uangalie. Maji yakitanda kama kioo na kubaki yametanda, nta imetoka. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, rudia. Kipimo hiki hakidanganyi na hakihitaji kifaa.

Hapo ndipo unapiga msasa, namba 80 au 60, si 120. Namba 120 ni ya kulainisha, wewe unataka kukwaruza. Mabondeni mwa almasi ingia kwa kisuguo kigumu cha nailoni na kwa mkono, au zisawazishe almasi zote ziishe. Mpira utakuletea ukali wake mwenyewe. Ukidhani umemaliza, subiri jioni, washa tochi uilaze sitahani, mwanga upite chini chini. Popote panapometa hapajaguswa. Mara ya kwanza utaona nyota nyingi kuliko za mbinguni. Usikate tamaa, zifuate moja moja.

Nyonya vumbi, futa, acha pakauke.

Kuhusu ile thina uliyoongeza. Kuna mpira wa maji na kuna mpira wa poliyurethani unaokauka kwa kuvuta unyevu wa hewa. Soma kopo ujue wako ni upi. Ule wa pili ukitiwa thina yoyote ya mtaani, yenye spiriti au maji ndani yake, thina inaanza kuula kabla haujafika sitahani, na haukazi inavyotakiwa. Uzito uliokukera ndio wenyewe. Zile chenga zinazama chini, kwa hiyo koroga kutoka chini, pole pole usiingize mapovu, na urudie kukoroga kila unapochota. Wengi nusu ya kwanza ya sitaha yao ni laini na nusu ya mwisho ni kama kokoto, kwa sababu walikoroga mara moja tu. Chota kidogo kwenye trei, funga kopo. Kilichobaki kwenye trei usikirudishe koponi.

Mikono miwili myembamba, kamwe si mmoja mnene. Aina ya kuvuta unyevu hutoa gesi inapokaza. Ukiipaka nene gesi inanaswa na unapata matundu kama mkate. Wa pili uende kinyume cha wa kwanza, wa kwanza ukiwa wa omo kwenda tezi (nyuma ya boti), huu wa ubavu kwenda ubavu. Na usipitwe na muda wa mkono wa pili ulioandikwa koponi. Ukipitwa, wa kwanza umeshafunga mlango, itabidi uukwaruze tena.

Saa. Si saa tano, si jua la utosi. Sitaha ya moto inakausha ngozi ya juu kabla mpira haujanywea kwenye mikwaruzo. Asubuhi umande ukishakauka kabisa, au chini ya turubai lililoinuliwa juu upepo upite. Na uwe umemaliza mapema. Umande wa jioni ukiangukia mpira mbichi unauharibu uso. Sitaha iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha joto ambacho umande huanza kujitengeneza. Kama huna kipimo, weka kiganja: ukihisi ubaridi wa maji, usipake.

Tepu itolewe mkono wa pili ungali mbichi, ukiivuta kwa mshazari, si kesho yake. Na kona za eneo unalopaka zizungushe, tumia kifuniko cha kopo kuchorea. Kona kali ni masikio, na masikio huvutwa.

Acha pembezoni mwa vifuniko, mifereji ya maji na chini ya kila chuma patupu, faiba tupu. Watu hupaka kila kitu kisha wanarudisha chuma juu ya chenga. Silikoni haizibi juu ya chenga, maji hupita katikati ya chembe na chembe, yanaingia kwenye tundu la bolti. Na huko ndiko ulikotoka, Nahodha.

Swali lako la mwisho, kosa la nani? Langu si kuamua kati yako na muuzaji. Lakini mpira wako umekaa miezi minne bila kutoka pale palipokuwa pameandaliwa, hata kama aliyepaandaa ni miguu ya watu.

MzeeTezi

Binti, maelezo yamenyooka. Na mashua ya mbao je? Sitaha ya mbao ndefu zenye kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, katikati. Kuna kijana anataka kunipakia huo mpira.

Bi_Omo

Mzee, mkatalie. Mbao zinavimba zikilowa, zinasinyaa zikikauka, na kila ufa wa kalafati unafunguka na kufunga. Mpira utafuata siku kadhaa kisha utapasuka pale pale juu ya kalafati, mstari kwa mstari. Maji yataingia kwenye mipasuko hiyo na hayatapata pa kutokea, kwa sababu juu umefunika. Mbao zitaoza ukiwa unazitazama na huzioni. Kama ni lazima, kwanza plaiwudi ya baharini juu yake, kitambaa cha faiba na epoksi, ndipo mpira. Lakini hapo umeshajenga sitaha nyingine, na uzito umeuweka juu. Wewe kaa na mchanga wako.

MzeeTezi

Nilijua tu kuna mahali nitashinda.

Nahodha_Nusu

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano. Nawaletea ripoti.

Uozo: nilichora kwa chaki, ukaja upana wa mlango wa kabati. Nilikata, nikachimba, mbao zilitoka kama majani ya chai yaliyotumika. Kukausha peke yake kumenichukua siku tisa. Kila asubuhi nafunua plastiki, nakuta jasho, nafunika. Siku ya kumi plastiki ilikuwa kavu, nikaishika mara tatu kuhakikisha.

X nilizikata ishirini na mbili. Katikati zote zimetulia. Pembeni zimetoka zote, hata moja haikujitetea. Nimebandua pembeni kote, njia ya omo nimeiacha.

Maji ya kikombe: mara ya kwanza matone. Mara ya pili matone. Ya tatu yametanda upande wa kulia, upande wa kushoto yakajikunja kwenye sehemu moja ya mviringo, nikakumbuka hapo ndipo mwenye boti wa zamani alipokuwa ameziba kitu kwa silikoni. Ya nne yakatanda kote, nikakaa chini nikayatazama mpaka yakakauka. Mke wangu aliuliza kama niko sawa.

Ile ya tochi, dada, ungenionya vizuri zaidi. Nilirudi msasani jioni tatu.

Mpira niliupiga saa mbili unusu asubuhi chini ya turubai, barakoa ya vichujio usoni (pumzi_fupi, nilikukumbuka kila nilipotaka kuivua kwa joto), mikono miwili, bila tone la thina. Tepu nikaivuta mbichi, mstari umetoka kama umekatwa kwa wembe. Sijaukanyaga mpaka kesho yake, na nanga sijairudisha mpaka siku saba zimetimia.

Limebaki moja. Mahali mpira wa zamani unapokutana na mpya, pale kushoto, pana mstari. Ukisimama tezi huuoni. Ukisimama omo, jua likiwa nyuma yako, unauona, na kuna sehemu ndogo kama ya kucha ambayo sina hakika kama ni kivuli au imeinuka. Nijaribu kuipekua kidogo nione?

Bi_Omo

Huo ni mteremko wa kingo, nilikwambia utauona. Iache mwezi mzima, kisha uitazame kwa tochi iliyolazwa. Kidole hicho, Nahodha, kitie mfukoni.